Baba Alivyosuka na Kufumua

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nimeona lori la mananasi likiserereka kwenye utelezi wa Kinole mpaka tairi moja likaning'inia hewani, na dereva akashuka anatafuna muwa kama mtu aliyefika kituoni. Nimeuziwa shamba moja na ndugu watatu, kila mmoja kwa siku yake, na wote nikawashinda. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililisoma kwa kuchungulia dirishani. Leo hapa Bigwa ukiuliza duka la vifaa vya ujenzi lenye ghorofa, watu wanakunyooshea kidole hujamaliza swali. Nina Fuso tatu. Sijisifu, ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo ninyi wa rika langu mtanielewa nilivyojisikia siku nilipokalishwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya binti wa umri wa kitinda mimba wangu, akanisogezea karatasi nyeupe na penseli za rangi.

Ilikuwa baada ya kumzika baba. Tulimzika kulekule Kinole, kwenye mteremko wa mikarafuu, na msiba ulikwenda vizuri, watu walikula wakasaza. Nikateremka mjini nikijua yamekwisha. Hayakwisha. Usingizi ukanihama kama mpangaji asiyelipa. Siku moja nikajikuta nimeegesha gari Dumila njia panda, wauza vitunguu wamejaa madirishani, na mimi sikumbuki kama nilikuwa naenda Dodoma au natoka. Mke wangu, Mama Stela, aliposikia akasema hapana, twende hospitali. Daktari akapima moyo, akapima damu, akapima kila kinachopimika, hakuona kitu. Ndipo tukaelekezwa kwa huyo binti wa ushauri nasaha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, kuna kitu chochote unachokifanya kwa mikono yako ambacho hukiuzi?"

"Binti yangu, mimi sina kitu nisichokiuza."

"Sawa. Basi chora tu, chochote kinachokujia. Kuna watu kuchora kunawasaidia kutua mzigo."

"Wa kutua mizigo ninao wanne pale dukani."

Mama Stela akajifanya anakohoa. Nikainuka, nikaaga kwa adabu, nikatoka na hasira zangu. Tukapita sokoni kwa sababu Mama Stela alitaka bamia, na pale pembeni, kwenye akina mama wa vikapu, mmoja alikuwa ndiyo kwanza ameipua sufuria ya ukindu. Mnaijua ile harufu. Jani lililochemshwa pamoja na rangi ya unga, kama maganda ya mahindi mabichi yanayoungulia. Nikakaa juu ya gunia la mkaa la mtu, na suruali yangu ya kitambaa, na mwenye gunia akabaki ananitazama. Maana harufu ile ndiyo harufu ya nyumba yetu mwaka ule mama alipokufa.

Mama alifariki wakati wa masika. Wanaume walimbeba na kitanda kumteremsha barabarani awahishwe hospitali, baba akiwa ameshika mguu wa mbele wa kitanda, na walirudi naye kabla hawajafika. Mimi nilikuwa na umri wa kuchunga mbuzi wawili, mdogo wangu Tekla alikuwa bado anabebwa mgongoni akichoka.

Sasa lazima niwaeleze jambo moja ninyi wa tambarare. Kwetu milimani ardhi ni ya ukoo wa mama. Tunauita lukolo. Watoto pia ni wa lukolo. Mwanamume akioa anapewa kipande alime, na mke akiondoka duniani, kile kipande kinaanza kumtazama vibaya. Na baba yangu alikuwa mtu wa kuja kabisa, katokea pande za Dumila, kapanda mlima kumfuata mama. Hakuwa na mtu wa kumsemea pale zaidi ya huyo aliyezikwa.

Angekuwa na akili ya biashara angejishughulisha, aonekane, achume karafuu za watu wamwone wa maana. Yeye akakaa kizingitini. Asubuhi anakaa, jioni yupo. Ukimpa uji anakunywa, usipompa haulizi. Anakwenda kutafuta kuni anarudi na panga tupu. Na mikono ilikuwa inamtetemeka, hata kikombe akikishika kinagonga meno. Tekla alikuwa anaona ni mchezo, anacheka. Mimi sikucheka.

Ukutani, kwenye msumari, kulikuwa na ukili ambao mama aliuacha haujakwisha. Ukili ni ule utepe mrefu wa ukindu uliosukwa, ambao baadaye huzungushwa na kushonwa ukawa mkeka. Siku moja nikarudi na mbuzi nikamkuta baba ameushusha. Ameuweka mapajani anausuka.

Kwetu mwanamume anasuka matenga ya kubebea matunda. Mkeka ni kazi ya mwanamke. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini hakuna pia sheria iliyoandikwa ya kuvaa suruali na watu wanavaa. Kufika kesho yake kijiji kizima kinajua. Kisimani wenzangu walikuwa wananisubiri.

"Damasi, tumesikia mama yako amefufuka."

"Tena ameota ndevu."

Nilipigana. Nikapigwa. Nikarudi na pua inavuja, nikamkuta baba amekazana na ukili wake, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Na alikuwa hajui kusuka. Hapo ndipo ninapokereka hadi leo. Kama unaamua kutuaibisha, basi tuaibishe kwa kitu unachokiweza. Ule wa mama ulikuwa umelala bapa kama mkanda. Alipoungia yeye, ukaanza kujikunja kama nyoka aliyekanyagwa. Na ukishafika urefu wa kuzunguka mlango, jioni moja anautazama, anautazama, halafu anaanza kuufumua. Chote alichosuka. Kesho yake anaanza upya.

"Baba, mbona unafumua?"

"Haujanyooka."

"Si uushone hivyohivyo."

"Nenda kalete maji."

Lakini mimi nilikuwa na sababu ya kutaka ule mkeka ukamilike. Mjomba Kosmasi, kaka yake mama, alikuwa amesema mbele za watu siku ya arobaini kwamba mavuno ya pilipili manga yakipita, lukolo watakaa waamue habari ya baba na sisi. Hakuwa mtu mbaya Mjomba. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya bonde, ina bati, na alikwisha kututengea mahali pa kulala. Baba angerudi kwao. Niliyasikia hayo nikiwa nimepakata Tekla, naye Mjomba akanishika kichwa kwa upole, na ule upole ndio ulionitisha.

Sasa, kabla ya hapo, jirani yetu mmoja alimpiga mkewe, mke akarudi kwao, na ili apewe tena ilibidi aje mbele ya wazee na mbuzi na mkeka mpya. Nilimwona kwa macho yangu. Akaukunjua ule mkeka, wazee wakaukalia, yakaisha, mke akarudishwa. Mimi nikaunganisha. Baba hana mbuzi wa kutoa, wale wawili walikuwa wa Bibi. Lakini anasuka mkeka. Kwa hiyo mkeka ule ni wetu, mimi na Tekla. Wazee watakapokuja, baba ataukunjua, watakaa, watatuacha kwake. Hesabu yangu haikuwa na tundu hata moja.

Basi fikirieni nilivyokuwa najisikia kila alipofumua. Nilikuwa nakaa mlangoni natazama vidole vyake vikirudi nyuma, jani kwa jani, na najua anafanya nini. Anatufumua sisi. Baba hataki kutukomboa. Ningeweza kumpiga jiwe.

Bibi, mama yake mama, alikuwa anaishi hatua chache kutoka kwetu, na jiko lake liliutazama mlango wetu. Bibi ndiye aliyekuwa msusi wa kusifika upande ule wote. Angeweza kuja tu akamwonyesha yule mtu. Haikuwezekana. Mama mkwe na mkwe wa kiume kwetu hawakai pamoja, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Walikuwa wameishi jirani tangu kabla sijazaliwa na sidhani kama walikuwa wamewahi kutazamana usoni. Kwa hiyo Bibi akakaa nyuma ya ukuta wa jiko, anachungulia kwenye ufa, anateseka.

"Mume wangu," ndivyo alivyoniita, mjukuu ni mume, "nenda kamwambie baba yako anakaza kama anafunga mbuzi."

Naenda. "Baba, Bibi anasema unakaza kama unafunga mbuzi."

"Mwambie nimesikia."

Narudi. "Bibi, anasema amesikia."

"Nimemsikia akisema amesikia. Mwambie alegeze kushoto."

Naenda. Yaani walikuwa wanasikiana vizuri tu, kikohozi cha mmoja kilimfikia mwenzake. Lakini hapana, lazima kila neno lipitie kwangu, kama gari la mkaa kwenye kizuizi cha ushuru. Mbuzi wanaingia shamba la watu, mimi nabeba habari za kulegeza kushoto. Loweka kwanza. Usianze na jani nene. Kata ncha. Mwambie asilambe vidole, rangi ile itampa ugonjwa. Kisha nikaanza kuona mafungu ya ukindu yamewekwa njiani asubuhi, yamepasuliwa tayari, mengine yamechemshwa na rangi nyekundu na zambarau, na hakuna anayesema yametoka wapi. Nyumba yote ikawa inanuka ukindu.

Siku moja nikatumwa tena: "Baba, Bibi anasema mbuzi bado amefungwa."

Baba akasuka kidogo. Halafu akasema, "Mwambie Bibi yako mbuzi wake ndio wanaojua kukata kamba. Jana wamekula mihogo ya katekista."

Nyuma ya ukuta nikasikia sauti kama ya mtu aliyeziba mdomo kwa kanga. Tangu siku ya kitanda kile baba hakuwa amesema neno lisilo la lazima. Mimi sikuona ajabu yoyote, nilikasirika tu kwamba wanacheka wakati mkeka haujakwisha. Wala sikuona kwamba kikombe hakigongi meno tena. Wala kwamba jioni zile alikuwa anaosha Tekla miguu. Mtoto anaona anachokisubiri, mengine yanapita.

Karafuu, hata hivyo, zilikuwa zinadondoka zenyewe. Alikuwa anasuka na anafumua.

Wazee wakaja. Wakakaa kwenye mabenchi uani kwetu, baba akawekwa pembeni kwenye gogo, mikono magotini. Wanawake walikuwa jikoni kwa Bibi, nyuma ya ukuta, na Bibi akiwa huko kama adabu inavyotaka. Mjomba Kosmasi akasimama.

"Shemeji yangu sina ugomvi naye. Amemtunza dada yangu mpaka mwisho, nani atabisha? Lakini mmemwona wenyewe. Anasuka mchana, anafumua jioni. Karafuu ziko chini, zinaota. Mtu akishakuwa hivyo, watoto nitawaachaje naye?"

"Tena kazi yenyewe ya kike," akasema mzee mmoja.

"Hilo mimi sikulisema."

"Nalisema mimi."

Wakamgeukia baba ajieleze. Nikangoja. Nikaangalia ndani, ukili upo msumarini, safari ile haukuwa umefumuliwa, ulikuwa mrefu kuliko wakati wowote. Nikaona baba hatausogeza. Ni mtu ambaye ukimwachia jambo linaoza. Basi nikaingia mwenyewe, nikautungua, nikauburuta mpaka miguuni kwa Mjomba.

"Mjomba, huu hapa. Umebaki kidogo."

"Huu wa nini?"

"Wa kutulipia. Mimi na Tekla."

"Nani kakwambia mnalipiwa?"

"Yule jirani alileta, mkampa mke wake."

Mzee mmoja akaanza kucheka, akaacha katikati. Nikamtazama baba ili aseme ndiyo, ndivyo, mkeka ni wa hawa watoto. Alikuwa ananitazama mdomo wazi. Ndipo nikajua hakuwa na habari yoyote. Miezi yote ile niliyomchukia kwa kutufumua, yeye hakuwahi hata kufikiria kwamba anatusuka. Akainama akafunika uso kwa viganja vyake, na viganja vilikuwa vya zambarau.

Hapo Bibi akatoka. Hakuzunguka kwa nyuma, alikuja moja kwa moja katikati ya ua, wazee wakainamisha macho kwa aibu kwa niaba yake. Akasimama mbele ya mkwewe.

"Baba Damasi," akasema. "Unafumua kwa nini?"

Sauti yake ilikuwa ya kuudhika, kama anamuuliza mtu aliyemwaga maji. Baba hakuinua uso.

"Mama, nikisuka kichwa kinanyamaza. Nisiposuka namwona yuko kwenye kile kitanda, na mimi nateleza. Mikono ikiwa na kazi simwoni. Sasa ukikaribia kwisha, naogopa. Nikiumaliza, kesho nitashika nini?"

Bibi akainama, akaokota ukili, akaupitisha vidoleni mwake kutoka mwanzo, pale mama alipoishia, kuja mbele.

"Hapa umelegeza vizuri," akasema. Akasogea mbele kidogo. "Hapa ovyo." Kisha akamgeukia mwanawe. "Kosmasi. Baba yako alipokufa, wewe ulikunywa pombe mavuno mpaka mavuno. Nani alikuja kuchukua watoto wako?"

"Mama, ile ilikuwa..."

"Nani alikuja?"

Mjomba akakaa.

"Atabaki hapa na watoto wake," Bibi akasema. "Karafuu kesho tutaokota wote, na wewe uje na wake zako wote wawili." Mjomba alikuwa na mmoja tu wa kanisani, yule wa pili ilikuwa siri, na sasa haikuwa. "Na huu aumalize. Nataka kuulalia mimi. Akishaumaliza namletea ukindu mwingine, milima haijaisha ukindu."

Ukaisha hivyo. Ardhi ni ya akina mama, akisema mama mkubwa wa lukolo utabisha nini. Baba akaumaliza, ukawa na kingo kama mto Ruvu wakati wa masika, na Bibi akaulalia na kuulalamikia mpaka alipokufa. Sisemi mkeka ndio uliomponya baba. Zile karafuu zilizookotwa na watu zilimponya, na Bibi kumtukana ana kwa ana kila siku tangu siku ile, na Tekla kukua. Siku za mvua kubwa bado alikuwa ananyamaza, basi unamwona anashusha ukindu. Alisuka mpaka uzeeni. Nilimpelekea godoro la inchi nane akalikunja akaliegemeza ukutani. Nikamwambia baba, hii mikeka niiteremshe mjini niiuze, nakuhakikishia wateja. Akasema haijanyooka.

Hayo yote niliyakumbuka nikiwa juu ya gunia la mkaa la mtu. Mama Stela na bamia zake akaniuliza kama nitazimia pale au nyumbani. Nikamwambia yule mama wa ukindu anifungie fungu. Akaniuliza nampelekea nani. Nikamwambia fungia tu.

Kusuka, nawaambieni, ni kazi ya kipumbavu. Mimi niliyejenga ghorofa bila ramani nilishindwa kufanya majani yapande juu na kushuka chini kwa zamu. Nilikaa nyuma ya duka, kati ya mifuko ya saruji, na kila mara Mama Stela anachungulia.

"Baba Stela, kuna mtu anataka misumari."

"Asubiri nifike mwisho wa jani."

"Mwisho wa jani ni saa ngapi?"

Vijana wangu wa kupakia walicheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili mmoja akaja kunionyesha kwamba nakaza mno, kwao Matombo mama yake anasuka. Nikafumua. Nikaanza tena, nikafumua tena, nikagombana na ukindu kama unavyogombana na mdeni. Jioni moja nikashtuka kwamba tangu mchana sijawaza kitu chochote, si msiba, si ile njia panda ya Dumila. Nilikuwa nimewaza jani. Usiku ule nililala mpaka Mama Stela akaja kuniwekea mkono puani kuhakikisha napumua.

Mkeka umekwisha wiki iliyopita. Ukiutandika, pembe moja inasimama kama sikio la punda. Ukienda sokoni, mkeka ulionyooka, mkubwa kuliko huo, utaupata kwa elfu ishirini na tano, na ukibembeleza wanakupunguzia. Mimi wangu, ukijumlisha ukindu nilioharibu na uliofaa, rangi, sindano, na sufuria mpya ya Mama Stela kwa sababu ile yake imegeuka zambarau na haitakati, umenigharimu shilingi elfu themanini na tatu na mia tano. Nao siuuzi.